Soko limehamia ndani ya jengo. Wanunuzi wa Nairobi wanasemaje?

Muulize mnunuzi wa Nairobi anaonaje soko jipya la ndani lililojengwa karibu na kwao, na ataanza na sifa. Kuna paa. Chini ni simiti, si matope. Choo kipo. Sasa muulize jana jioni alinunua nyanya wapi. Mara nyingi atakuambia alinunua nje, kando ya barabara, kwa yule mama aliye karibu na stegi.

Sisi kazi yetu ni malipo ya simu, kujenga masoko ni kazi ya wengine. Lakini soko ni mahali ambapo wateja wetu hulipa na kulipwa kila siku, na mtu akihama kutoka kibanda cha nje kwenda kizimba cha ndani, hata namna anavyolipa hubadilika. Mmoja anauliza kwa nini pesa imegoma akiwa ghorofa ya chini kabisa. Mwingine anataka kujua kwa nini jina lililotokea kwenye simu si la mama aliyemuuzia samaki. Mwingine ameudhika kwamba kulipia vitu vya shilingi mia nane kumemgharimu karibu thelathini juu yake. Tumeona tuyaweke hapa pamoja na yale wanunuzi wanayosema kuhusu masoko yenyewe, maana ukiangalia vizuri ni jambo moja.

Tuanze na historia kidogo, kwa haraka. Nairobi haijaanza leo kuingiza soko ndani. City Market pale Muindi Mbingu ni ya miaka ya 1930, na hadi leo watu huingia kununua maua, vinyago na nyama. Soko la Wakulima, ambalo wengi wetu tunaliita Marikiti, lilifunguliwa miaka ya 1960, likajaa zamani sana, na biashara ikamwagika hadi nje ya kuta zake. Muthurwa ilifunguliwa 2008 ili wachuuzi watoke barabarani katikati ya jiji. Wengi waliingia, kisha wengi wakarudi barabarani, kwa sababu mteja wao alikuwa bado anapita barabarani. Halafu kuna Mwariro, karibu na Kariokor, ambako wachuuzi waliondolewa kupisha ujenzi wakasubiri miaka kabla ya kupata vizimba ndani ya jengo la kisasa. Kwa hiyo mnunuzi akilinganisha soko la ndani na la nje, anazungumzia kitu anachokijua.

Sifa zenyewe ni za kweli, na si ndogo. Mwezi wa Aprili, mvua ikinyesha kwa wiki mbili mfululizo, anayekwenda Gikomba anajua anaweza kurudi nyumbani na matope hadi magotini. Ndani ya jengo unanunua ukiwa na viatu vya kazini. Akina mama wenye watoto mgongoni husema kwamba wanapata nafasi ya kusimama na kuchagua bila mkokoteni kuwapigia kelele kutoka nyuma. Wengine wanapenda mizani. Nje unauziwa fungu, na fungu la leo si lazima lilingane na la jana. Ndani unauziwa kilo, unaiona sindano ikitulia, basi.

Halafu kuna moto. Hili wanunuzi hawalitaji sana, wanaolitaja ni wauzaji, lakini ni la wote. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Juni 2018 moto uliteketeza sehemu ya Gikomba na watu 15 wakafa. Vibanda vya mbao na mabati vikishikana bega kwa bega, gari la zimamoto halina pa kupita. Jengo lenye milango mipana na njia za kutokea ni afadhali, mradi njia hizo zisigeuzwe kuwa mahali pa kupanga magunia. Ukiingia soko jipya, jiangalizie mlango wa pili uko wapi.

Malalamiko nayo huanza na ngazi. Anayenunua kilo kumi za viazi hapandi ghorofa ya pili kuzitafuta kama ghorofa ya chini zipo, hata kama kule juu ni bei nafuu. Muuzaji wa juu anajua hivyo, ndiyo maana utamkuta amemwacha mtu kizimbani naye amejishukia na beseni lake hadi mlangoni. Mnunuzi anamlaumu kwa kuziba njia. Muuzaji anauliza, nifanye nini na mteja hapandi? Hapa tunaona wote wana haki yao, na aliyepanga mboga mbichi ziuzwe juu na nguo chini ndiye angefaa kujibu.

Baada ya ngazi ni saa. Mtu wa kazi ya kibarua au ofisi ya chini hanunui mboga saa nne asubuhi. Ananunua saa kumi na mbili unusu jioni, akielekea matatu, kwa pesa aliyolipwa siku hiyo. Soko la ndani lina askari na lina geti, na geti hufungwa. Mama wa barabarani ana taa ya solar na yupo mpaka saa tatu usiku. Hapo hakuna cha kubishana.

Lakini lalamiko zito zaidi ni la kiasi. Nje unaweza kununua sukuma ya ishirini, nyanya tatu, kitunguu kimoja na dania ya kumi, na mama akukatie sukuma hapo hapo. Akikujua, anaongeza majani mawili ya nyongeza. Akikujua zaidi, anakuandika kwenye daftari ulipe Ijumaa. Ndani ya jengo, kilo ndiyo lugha. Mwenye mia mbili ya kulisha watu watano hana haja na kilo ya hoho, anataka mbili. Wengi husema tu kwamba ndani ni ghali. Tukipiga hesabu, bei ya kilo mara nyingi haiko mbali, kwa sababu nyanya zote zimetoka Marikiti asubuhi ile ile. Kinachomshinda ni kwamba hawezi kuingia na pesa kidogo akatoka na chakula cha jioni.

Na hapa ndipo simu inaingia.

Kwenye kibanda cha mtaani unanunua karibu kila kitu kwa mtu mmoja, halafu unalipa mara moja. Soko la ndani limepangwa kwa aina: mboga upande huu, viazi kule, matunda karibu na ngazi, samaki mwisho kabisa. Ni mpangilio mzuri kwa macho. Kwa mfuko, maana yake ni kwamba unalipa watu wanne badala ya mmoja. Tuseme umenunua nyanya na vitunguu vya 120, viazi vya 150, matunda ya 130 na samaki wa 400. Jumla ni 800. Kama umetumia kila mmoja pesa kwa namba yake ya kawaida kwa M-Pesa, kila malipo kati ya shilingi 101 na 500 yanakatwa 7, kwa ada zilizopo tunapoandika. Hiyo ni 28. Ungeitoa 800 yote kwa wakala ukalipa taslimu, ungekatwa 29. Karibu sawa, na bado ungehangaika na chenji.

Kuna njia mbili za kupunguza. Ya kwanza ni kulipa kwa tili. Ukilipa bidhaa kwa namba ya tili, wewe mnunuzi hukatwi kitu. Anayekatwa ni muuzaji, asilimia 0.55, na malipo yasiyozidi shilingi 200 hakatwi hata yeye. Kwa mauzo ya 1,000 anapoteza shilingi 5 na senti 50. Kwa hiyo muuzaji akikuambia tili yake imeharibika, nitumie tu kwa hii namba yangu, jua kwamba ada imehama kutoka kwake kuja kwako. Si dhambi, pengine anataka pesa imfikie moja kwa moja alipe mkokoteni. Lakini una haki ya kusema, basi nipunguzie saba. Pochi la Biashara nayo isikuchanganye: inamsaidia mama mboga kutenganisha pesa za biashara na za nyumbani, ila wewe unayelipa bado unakatwa kama mtu anayetuma pesa.

Njia ya pili haihitaji teknolojia yoyote. Wauzaji wa vizimba vinavyopakana huchukuliana bidhaa kila siku. Mwambie yule wa nyanya akuletee viazi na matunda kutoka kwa jirani zake, umlipe yeye 400 kwa mkupuo mmoja. Unakatwa 7 badala ya 21. Wao watagawana wenyewe, wamezoea. Na malipo ya shilingi 100 kwenda chini hayakatwi kitu hata ukituma kwa namba ya kawaida, kwa hiyo sukuma ya 50 isikuumize kichwa.

Kuhusu majina. Ndani ya masoko haya kuna kupangishana vizimba. Aliyepewa kizimba si lazima awe ndiye anayeuza leo, na namba ya tili iliyobandikwa ukutani huenda ni ya mtu aliyehama zamani. Kabla malipo hayajakamilika, jina la anayelipwa linatokea kwenye simu. Lisome kwa sauti. Muuzaji akilikubali, endelea. Akishangaa, simama hapo, hata kama kuna foleni nyuma yako na watu wanaguna. Wanunuzi wengi hutuambia wanaona aibu kuuliza, wanadhani watamfanya muuzaji aonekane mwizi. Ukweli ni kwamba muuzaji halali anafurahi ukiuliza, kwa sababu pesa ikienda kwa tili ya mtu mwingine, yeye ndiye ametoa samaki bure.

Ikiwa umeshatuma kwa namba ya mtu asiyehusika, peleka ule ujumbe wa malipo kwenye 456 mara moja. Usimalize kwanza kununua. Aliyepokea akiitoa ile pesa, kuirudisha kunakuwa safari ndefu.

Mtandao nao ni hadithi yake. Jengo la zege lenye paa la chuma na ghorofa iliyo chini ya ardhi hudhoofisha mawimbi, hasa katikati ya soko mbali na madirisha. Programu ya simu inayotegemea bando inaweza kukwama wakati *334# bado inafanya kazi, kwa hiyo jaribu hiyo kwanza. Ikiwa umeweka PIN na ujumbe haujafika, usilipe tena. Angalia salio lako kabla ya kurudia. Tumeona watu wakilipa samaki mmoja mara mbili kwa sababu ya haraka, kisha jioni nzima inapotea wakimtafuta muuzaji aliyekwisha kufunga. Muuzaji naye asikubali kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mteja kama ushahidi. Ujumbe wa kughushi ni rahisi kuandika. Kama pesa haijaonekana kwenye simu yake mwenyewe, bado hajalipwa, na mteja muungwana atasubiri dakika moja.

Swali jingine la mara kwa mara ni la wenye laini ya Airtel. Tangu Aprili 2022 mitandao iliruhusu mteja wa upande mmoja kulipa kwenye tili ya upande mwingine, kwa hiyo usimwache mama mboga kwa sababu tu ana tili ya mtandao usio wako. Angalia menyu yako kwanza, na uangalie ada kabla ya kukubali.

Kuna kitu ambacho baadhi ya wauzaji wa ghorofa za juu wameanza kufanya, na wanunuzi wanakipenda. Saa kumi jioni mteja anapiga simu au anatuma ujumbe: nyanya za hamsini, sukuma iliyokatwa, hoho mbili, ndizi sita. Muuzaji anafunga mfuko, kijana anaushusha hadi stegi kabla geti halijafungwa. Mteja hapandi ngazi, hachelewi matatu, na ananunua kile kiasi kidogo alichozoea. Ubaya wake ni kwamba baadhi wanaombwa walipe mapema, kisha hoho zinafika zimenyauka na hakuna wa kumrudishia. Kubaliana naye tangu mwanzo kwamba utalipa ukiwa umeshika mfuko na umeufungua. Kijana awe na namba ya tili iliyoandikwa kwenye karatasi, na jina litakalotokea liwe la yule unayemjua kule juu, si la kijana.