Kuchora, Kusuka na Kuandika: Pambo Lina Kipimo Chake

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Mwanafunzi wangu mmoja wa darasa la Juzuu Amma aliacha kuchora ghafla. Kabla ya hapo kila pembe ya daftari lake ilikuwa na majani, nyota na mashua. Nilipomuuliza akajibu kuwa ameambiwa nyumbani kuchora ni haramu, na penseli zake za rangi zimefichwa. Simlaumu mzazi wake, maana hofu yake ni ya dini na ina asili yake. Lakini mtoto huyu amefungiwa nyumba nzima kwa sababu ya chumba kimoja.

Makemeo yaliyomo katika hadithi sahihi yanahusu sura za viumbe wenye roho. Hapo wanavyuoni wana maelezo marefu: sanamu, picha ya ukutani, picha ya kamera, mwanasesere wa mtoto. Siingii huko leo, masheikh wapo, waulizwe. Ila wamepokea Bukhari na Muslim kwamba mtu mmoja aliyekuwa akiishi kwa kazi ya kuchora alimwendea Ibn Abbas (R.A.). Alimwonya sana, kisha hakumwacha bila riziki: alimwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho. Basi majani, nyota na mashua ya kijana wangu yana kosa gani?

Ndugu wazazi, tusiende mbali. Tongoni ipo kusini mwa mji wetu wa Tanga, kando ya bahari, na ina magofu ya msikiti na makaburi ya mnara ya karne nyingi zilizopita. Minara mingi imeanguka. Katika yaliyosalia utaona vishimo vilimokuwa vimekazwa mabakuli ya kauri yaliyoletwa na majahazi. Mabakuli yameondoka, vishimo vimebaki, na bado ukuta unapendeza. Nilijiuliza kwa nini. Nadhani ni kwa sababu fundi aliacha sehemu kubwa ya ukuta wazi, akaweka pambo mahali pachache. Jicho lina pa kupumzika.

Mama zetu wanaosuka mikeka wanajua jambo jingine, nalo ni kurudia. Ukili mmoja mrefu wa ukindu husukwa kwanza, kisha huzungushwa na kushonwa upande kwa upande mpaka mkeka utimie. Msukaji akikosea hesabu ya miyaa ya rangi mwanzoni, kosa litajirudia mkeka mzima. Mwangalie anapoanza: anahesabu midomo ikicheza kama anayeleta dhikri. Na kanga mnaijua wenyewe, ina pindo, mji na jina. Ukiiondoa pindo, ua lile lile la katikati litaonekana kama limemwagika.

Kwenye hati ya Kiarabu kipimo hiki kiliandikwa kuwa elimu. Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 328 Hijria (940 Miladia), alipima herufi kwa nukta ya kalamu yenyewe. Ukiishika kalamu yako ya mwanzi na kuigusisha karatasi, inaacha nukta yenye pembe nne. Nukta hizo zikipangwa moja juu ya nyingine zinatoa urefu wa alifu: kwa kawaida 7 katika thuluthi, 5 katika naskhi. Alifu ndiyo inayopima herufi nyingine. Kwa hiyo mwenye kalamu nene na mwenye nyembamba wataandika ukubwa tofauti, lakini uwiano ni mmoja. Na kwa pwani yetu, nani hajasikia mihrabu ya Kizimkazi, Unguja, yenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria (1107)?

Malenga nao hawako mbali na hayo. Mshororo wa utenzi una mizani 8, na wa shairi la kawaida 16, nane kwa nane. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa Tanga mwaka 1909, alifanya kazi ndani ya mipaka hiyo hiyo na hakuna aliyemwona amebanwa.

Mimi mwenyewe niliyajua haya kwa aibu. Niliwahi kujitolea kuandika aya kwenye ukuta wa darasa. Nikatia kijani, dhahabu, bluu na nyekundu, maua juu, maua chini, na herufi nikazipinda ili zijae. Nikaridhika. Mzee mmoja fundi rangi aliyekuja kuswali alisimama pale muda mrefu, kisha akaniambia, "Ustadh, maua nimeyaona. Maneno yako wapi?" Nilitaka kujitetea. Nikatazama tena, na kweli, hata mimi niliyeiandika aya ile nilisoma kwa kubahatisha. Maneno ya Allah nilikuwa nimeyafanya nakshi ya maua.

Ukuta ule tumeupaka chokaa. Utaandikwa upya baada ya Ramadhani, inshaallah, kwa rangi moja na pindo moja. Kijana wetu amerudishiwa penseli zake baada ya mazungumzo na mzazi wake, na hivi sasa anahesabu nukta za alifu. Ya tano bado inamwendea upande. Wanaotaka kujiunga naye waje Alhamisi baada ya Alasiri, kila mmoja na kipande chake cha mwanzi. Kisu cha kuchongea ninacho.

Wabillahi tawfiq.