Ukinunua kompyuta ya mitumba, anza na bayosi

WINDOWS 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida Oktoba 14, 2025. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane kuendelea. Matokeo yake ni kwamba kompyuta mpakato nyingi ambazo bado ni nzima zinaachwa na maofisi na kuuzwa kwa bei ya kutupa.

Kwa katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa pamba, muuza pembejeo wa Buhongwa au mfanyabiashara wa dagaa anayetaka kuweka hesabu zake sawasawa, hii ni nafasi nzuri. Mashine ya namna hiyo ikiwekewa Linux, ambayo haina ada ya leseni, inaweza kufanya kazi kwa miaka kadhaa zaidi. Lakini kuna jambo moja ambalo wanunuzi wengi hulisahau, nalo ni kuangalia bayosi kabla ya kutoa fedha.

Bayosi ni nini?

Ni programu ndogo iliyoandikwa ndani ya chipu kwenye ubao mkuu wa kompyuta. Ndiyo inayoamka kwanza unapobonyeza kitufe cha kuwashia, kisha inaamua diski ipi isomwe. Kwenye mashine za miaka ya karibuni jina lake ni UEFI, ingawa mafundi wengi bado huiita bayosi.

Kufuta diski hakuigusi bayosi. Ni sawa na kununua shamba: unaweza kung'oa mabua yote na kupanda mbegu mpya, lakini kama hati ina zuio la mtu mwingine, zuio hilo linabaki palepale.

Mambo ya kukagua dukani

Kwanza, mwambie muuzaji aizime kabisa, kisha uiwashe mwenyewe huku ukibonyeza kitufe cha kuingilia. Kwa Dell aghalabu ni F2, kwa HP ni F10, na kwa ThinkPad ni F1. Ikidai neno la siri ambalo muuzaji halijui, iache. Kwenye mashine nyingi za kiofisi neno hilo halifutiki kwa kuchomoa betri, kwa kuwa limehifadhiwa kwenye chipu.

Pili, linganisha namba ya mashine inayoonekana kwenye skrini na ile iliyobandikwa chini. Zikitofautiana, uliza kwa nini. Tafuta pia mahali palipoandikwa Computrace au Absolute. Hiyo ni huduma ya kulinda mashine dhidi ya wizi. Ikiwa imewashwa, huenda mwenye mali halisi bado ana uwezo wa kuifuatilia au kuifunga akiwa mbali. Kumbuka kwamba kupokea mali ya wizi huku ukijua ni kosa la jinai, hivyo dai risiti.

Tatu, tazama tarehe na saa. Zikiwa zimerudi nyuma miaka mingi, betri ndogo ya ubao imekwisha. Hilo si tatizo kubwa, ila ni hoja ya kuomba punguzo.

Nne, badilisha mpangilio mmoja, kwa mfano mpangilio wa kuwaka kwa flashi, uhifadhi, kisha uzime na kuwasha tena. Je, umebaki? Jaribio hili lina sababu yake. Oktoba 2017 kampuni ya Canonical ilitoa Ubuntu 17.10, na Desemba ikalazimika kuiondoa kwenye tovuti yake kwa kuwa iliharibu bayosi za baadhi ya kompyuta, hasa za Lenovo. Mashine ziliendelea kuwaka, lakini hazikuhifadhi tena mabadiliko, na nyingine zilikataa kuwaka kwa flashi. Toleo lililorekebishwa lilitoka Januari 2018.

Tano, angalia namna diski inavyosomwa. Ikiwa imewekwa RAID, Linux inaweza isiione diski kabisa. Mara nyingi inabidi kuiweka AHCI. Fahamu tu kwamba badiliko hilo linaweza kuizuia Windows iliyomo isiwake.

Baada ya hapo iwashe kwa flashi yenye Linux bila kusakinisha chochote. Jaribu intaneti isiyo na waya, sauti, na vitufe vyote.

Kabla ya kufuta Windows

Kama mtengenezaji ametoa toleo jipya la bayosi, ni rahisi kuliweka Windows ikiwa bado ipo, ingawa Dell, Lenovo na HP zina mashine nyingi zinazoweza kusasishwa ndani ya Linux kwa programu ya fwupd. Hakikisha betri imejaa na chaji imechomekwa. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo na betri ikiwa mbovu, ubao unaweza kufa.

Hesabu yake

Tuchukulie mashine mbili zinazofanana. Ya kwanza inauzwa Sh350,000 na muuzaji anakuruhusu kuikagua. Ya pili ni Sh280,000, lakini hataki iguswe. Ikikutwa na kufuli, na fundi akadai Sh100,000 kushughulikia chipu, umeshafika Sh380,000, bila kuhesabu siku zilizopotea msimu wa ununuzi ukiwa umepamba moto. Punguzo la Sh70,000 limegeuka hasara ya Sh30,000.

Linux nayo haimfai kila mtu. Kama biashara yako inategemea programu ya hesabu inayofanya kazi kwenye Windows pekee, pima kwanza. Kwa barua, majedwali ya mauzo na orodha ya wanachama, LibreOffice inatosha. Nayo ni mrithi wa OpenOffice, ambayo mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice.

Ukaguzi wote huu hauzidi nusu saa. Muuzaji asiyekupa nusu saa hiyo, mwachie mzigo wake.