Kopo la Bibi na Mwaka Unaodanganya: Thamani ya Sarafu za Kale (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita niliahidi kujibu swali ambalo huulizwa kila anapoonekana mtu na sarafu kuukuu mkononi: je, kwa kuwa ni ya zamani, si lazima iwe na bei kubwa? Hapana. Nitalieleza jambo hili kwa kopo la maziwa ya unga aliloliacha bibi yangu, ambalo sasa analitunza mama mkubwa. Ni chenji ya miaka mingi, iliyotupwa humo kila serikali ilipobadilisha fedha zake.

Kubwa kuliko zote ni reale moja nyeusi iliyoandikwa 1780. Nyumbani kwetu tuliamini kwamba ina umri wa zaidi ya miaka mia mbili. Hii ndiyo reale ya Sham ya wazee wa pwani, yenye sura ya Maria Theresa, mtawala wa Austria aliyefariki mwaka huo huo wa 1780. Wafanyabiashara wa Uhabeshi, Uarabuni na Unguja walikwisha kuizoea sura yake, na sarafu yenye sura nyingine waliitilia shaka. Kwa hiyo iliendelea kupigwa chapa kwa mwaka uleule, Vienna, baadaye London, hata Bombay wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka ulioandikwa juu yake hauelezi umri wake. Thamani yake kwa kawaida ni madini: uzito wa gramu 28, na ndani yake gramu 23 na kidogo za fedha halisi. Hilo mnunuzi halipuuzi, na wewe usilipuuze unapomwachia sonara aitazame.

Chini ya reale kulikuwa na shilingi za simba, zile za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, zilizoanza 1921. Hapa nataka msomaji atulie. Chukua mbili za Mfalme George wa Sita, moja ya 1946 na nyingine ya 1948. Simba ni yuleyule, milima nyuma yake ni ileile, na ukubwa haupishani. Lakini ile ya 1946 ina robo ya fedha, na ile ya 1948 haina fedha hata chembe. Ni shaba na nikeli tu. Kama huuoni mwaka vizuri, soma maandishi yanayoizunguka sura ya mfalme. Ya kwanza inamtaja pia kuwa mfalme mkuu wa India, kwa kifupi cha Kilatini IND IMP. India ilipojitawala mwaka 1947 cheo hicho kikaondolewa. Mabadiliko ya dola nzima yanasomeka kwenye kipande kinachoenea kiganjani, na ndiyo maana siwezi kuziita sarafu hizi takataka, hata zile zisizo na bei.

Senti kumi zenye tundu ndizo zinazowaponza wengi. Baadhi, za 1936, zina jina la Edward wa Nane, mfalme aliyetawala chini ya mwaka mmoja kisha akajiuzulu. Uingereza kwenyewe sarafu zake hazikuingia mitaani, na hapo ndipo uvumi wa mamilioni unapoanzia. Lakini sarafu ya tundu haina sura ya mtu. Ina jina la mfalme na pembe za ndovu, basi, kwa hiyo haikuhitaji kungoja mchoro wa sura yake. Zilitengenezwa kwa mamilioni na zikasambazwa kwetu. Atakayekuomba utume kwanza "ada ya uthibitisho" ili akununulie moja kwa bei ya nyumba, huyo ni tapeli.

Tuje kwa Mjerumani. Kampuni yake ilitoa pesa za shaba kuanzia 1890, zenye maandishi ya Kiarabu upande mmoja, kwa sababu hayo ndiyo yaliyosomwa pwani. Pesa 64 zilifanya rupia moja. Mwaka 1904 hesabu ikabadilishwa, rupia ikawa na heller 100, na sisi tukalichukua jina hilo mpaka leo tunaposema hatuna hela. Rupia ya fedha ina uzito wa gramu 11.66, na karibu gramu 10.7 ni fedha halisi. Ni zaidi ya mara tano ya fedha iliyomo katika shilingi ya 1921. Itazame pia herufi ndogo: A ni Berlin, J ni Hamburg. Herufi hiyo pamoja na mwaka ndiyo humwambia mkusanyaji ni ngapi zilizotengenezwa, na mara nyingi hapo ndipo bei inapogawanyika.

Herufi inayonigusa zaidi ni T. Ni Tabora, 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Meli za Kijerumani hazikuweza tena kufika, fedha zikaadimika, na karakana ya reli ikageuzwa kiwanda cha sarafu. Hela 20 na hela 5 zilitengenezwa huko, na shaba nyingine ilitoka kwenye maganda ya risasi za mizinga. Ilitengenezwa pia rupia 15 ya dhahabu, yenye ndovu mbele ya milima, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Za dhahabu zilikuwa elfu 16 na kidogo. Hela 20 zilipita milioni. Zote ni za mwaka mmoja, mji mmoja na vita vilevile, lakini moja ni utajiri na nyingine mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuinunua. Ukiletewa ya dhahabu, ipime kwanza: gramu 7.168. Za bandia ni nyingi.

Jambo la mwisho kwa leo ni hali ya sarafu. Usiisugue. Si kwa ndimu, si kwa majivu, si kwa dawa ya kung'arishia shaba. Ule weusi wake ni ngozi yake, na mnunuzi anayejua huitambua iliyochubuliwa kwa kuitupia jicho mara moja. Ishike kwa ukingo, ifunge peke yake katika karatasi, iweke pakavu.

Katika kopo la bibi imo hela 20 ya Tabora. Nilipokuwa na miaka tisa niliisugua kwa ndimu na mchanga mpaka ikang'aa, nikampelekea, naye akanishukuru. Nimeipima tena wiki hii. Herufi T bado inasomeka; taji nimelifuta kwa mkono wangu.