Nyangumi 73 na Mashua za Watalii

Katika pwani ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini kuna bahari yenye visiwa vingi. Upande wa kusini ni jimbo la Washington, Marekani. Upande wa kaskazini ni Kanada. Maji yake ni baridi sana. Humo anaishi mnyama ambaye watu husafiri kutoka nchi za mbali ili kumwona. Hupanda mashua, hukaa baharini kwa muda wa saa tatu au nne, nao hulipa nauli kubwa. Mnyama huyo huitwa nyangumi mwuaji.

Jina hilo lisikutishe, ndugu msomaji. Kwanza, mnyama huyu ni wa ukoo wa pomboo. Ndiye mkubwa kuliko pomboo wote. Dume huweza kufikia urefu wa meta 8. Pezi la mgongoni mwake hufikia meta 1.8, yaani kimo cha mtu mrefu aliyesimama. Mgongo wake ni mweusi na tumbo ni jeupe. Pili, hakuna habari ya kuaminika kwamba nyangumi mwuaji aliye huru baharini amewahi kumwua mtu. Tangu mwaka 2020 wako wengine katika pwani ya Hispania na Ureno ambao huvunja usukani wa mashua, lakini hao ni kundi la mbali.

Katika bahari ya Washington ziko koo mbili zisizochanganyika. Ukoo mmoja hula sili na wanyama wengine wa baharini. Ukoo wa pili hula samaki tu, hasa samoni mkubwa aitwaye Chinook. Mkubwa mmoja huhitaji samoni 18 hadi 25 kwa siku. Habari yetu ni ya hawa wala samaki.

Hawa hawaachani. Dume hata akiwa mzee huendelea kukaa na mama yake. Bibi aliyekwisha kuacha kuzaa huongoza jamaa zake mahali penye samaki, hasa katika miaka ya njaa. Mimba yao huchukua miezi 17 au 18. Wewe mfugaji unajua kwamba ng'ombe huchukua miezi 9 tu. Basi ukoo huu ukipungua, haurudi upesi.

Walivyokamatwa

Zamani watu wa huko hawakulipa ili kuwatazama. Wengine waliwapiga risasi kwa sababu walikula samoni. Kisha, katika miaka ya 1960, wenye matangi makubwa ya maonyesho walianza kuwanunua. Wakamataji waliwazunguka kwa nyavu, wakachagua watoto kwa sababu ni wepesi kubeba.

Tarehe 8 Agosti 1970, mahali paitwapo Penn Cove, waliswaga kundi kubwa kwa mashua, ndege ndogo na baruti. Watoto saba waliuzwa. Wengine walinaswa katika nyavu wakafa maji. Mnyama huyu anavuta hewa kama ng'ombe. Akizuiwa chini ya maji hufa. Mmoja wa wale saba, jike aliyeitwa Tokitae, alipelekwa Miami. Aliishi ndani ya tangi kwa zaidi ya miaka 50. Watu wa kabila la Lummi, ambao huwahesabu nyangumi hawa kuwa jamaa zao, walidai arudishwe baharini kwao. Mipango ilikuwa imeanza alipokufa tarehe 18 Agosti 2023.

Ukamataji katika jimbo la Washington ulikoma mwaka 1976 baada ya kesi mahakamani. Wakati huo mtaalamu wa Kanada, Michael Bigg, alikuwa amegundua njia ya kuwahesabu. Kila mmoja hujulikana kwa kovu la pezi na baka lililo nyuma yake. Ni kama mfugaji anavyomjua kila ng'ombe wake. Kumbe waliobaki walikuwa kama 70 tu. Waliongezeka hadi 98 mwaka 1995, kisha wakapungua tena. Mwaka 2005 Serikali ya Marekani iliwaweka katika orodha ya wanyama walio katika hatari ya kwisha. Hesabu ya Julai 2024 ilipata 73.

Kelele ya mashine

Baada ya ukamataji kukoma, biashara ya kuwatazama ilikua. Nani angeona ubaya? Kutazama si kuua. Mtalii anapiga picha, nahodha anapata riziki, nyangumi anakwenda zake. Lakini wataalamu waliposhusha vyombo vya kusikilizia chini ya maji, waliona jambo jingine.

Nyangumi huyu hatafuti samaki kwa macho. Maji ya huko ni mazito, na samoni hukaa chini penye giza. Yeye hutoa sauti fupi fupi za kugonga. Sauti hupiga samaki, mwangwi hurudi, naye hujua samaki yuko wapi. Popo hufanya vivyo hivyo usiku. Sasa mashine ya mashua nayo hupiga kelele. Kelele hiyo hufunika mwangwi, kama vile mashine ya kusaga inavyokuzuia kumsikia mwenzako. Mashua ikienda kasi, kelele huzidi. Mashua zikiwa karibu, nyangumi huwinda kidogo zaidi. Majike huacha kuwinda kuliko madume, nao ndio wenye mimba na wanaonyonyesha.

Mwaka 2018 dunia nzima ilisikia habari za jike mmoja aitwaye Tahlequah. Mtoto wake alikufa muda mfupi baada ya kuzaliwa. Mama huyo alimbeba maiti juu ya kichwa chake kwa siku 17, akienda naye kilometa 1,600 hivi. Kila mtoto alipozama, alimfuata chini akamwinua tena. Mwanzoni mwa mwaka 2025 alionekana akimbeba mtoto mwingine aliyekufa.

Sheria mpya ya Washington ilianza kazi tarehe 1 Januari 2025. Mashua yoyote, ya mtalii au ya mtu binafsi, lazima ikae mbali na nyangumi hawa kwa yadi 1,000, yaani meta 914. Ukipanga viwanja vya mpira kwa urefu, hivyo ni zaidi ya viwanja vinane. Ukijikuta karibu nao, punguza mwendo kwanza, halafu ondoka polepole. Kwa umbali huo mtalii haoni mengi, hata akiwa na darubini. Kwa hiyo manahodha wengi huwapeleka wageni kwa ule ukoo mwingine unaokula sili, ambao wana chakula cha kutosha nao wanaongezeka.

Wenye mashua walikuwa na hoja yao. Walisema kwamba mashua ya watalii ikiwa karibu, huwaonya wenye mashua ndogo wasiojua sheria wala kutambua nyangumi. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mimi naona mnyama mwenye njaa hahitaji mlinzi anayepiga kelele mlangoni pa ghala yake.

Sisi tunalo jambo linalofanana na hili. Kizimkazi, kusini mwa Unguja, pomboo waliuawa zamani ili wawe chambo cha papa. Watalii walipoanza kuja katika miaka ya 1990, pomboo hai akawa na faida kuliko pomboo mfu. Lakini mashua nyingi zikimfuata pomboo mmoja, naye hukosa nafasi ya kupumzika na kula.

Iko njia ya kutazama isiyo na kelele. Katika kisiwa cha San Juan kuna mahali paitwapo Lime Kiln, penye mnara wa taa uliojengwa mwaka 1919. Maji ni ya kina kirefu hadi kwenye miamba, hivyo nyangumi hupita karibu na nchi kavu. Watu huketi juu ya miamba na kungoja. Siku nyingine hawapiti kabisa.

Njaa inaanzia mtoni

Hata hivyo, kuondoa mashua hakuleti samaki. Samoni huzaliwa mtoni, huenda kukulia baharini, kisha hurudi mtoni kutaga mayai. Akikuta ukuta wa bwawa, safari imekwisha. Akikuta miti ya kando imekatwa, maji huwa ya moto mno kwake, na udongo uliomomonyoka hufunika mayai. Sumu nayo hutelemka na maji. Dawa kama DDT, na mafuta ya viwandani yaliyopigwa marufuku Marekani mwaka 1979, bado zimo katika mafuta ya miili ya nyangumi hawa. Mama humpa mtoto wake sumu hiyo ndani ya maziwa. (Ukisikia bwana shamba anakukataza kuosha bomba la dawa mtoni, ndiyo sababu.)

Katika mto Elwha, jimbo la Washington, mabwawa mawili yalizuia samoni kwa karibu miaka 100. La kwanza lilikamilika mwaka 1913. Kazi ya kuyabomoa ilianza mwaka 2011 na kwisha mwaka 2014. Wafanyakazi walipanda miche ya miti ya asili mahali palipokuwa na maji ya bwawa. Kabla hata bwawa la juu halijaisha kubomolewa, mwaka 2012, samoni wa Chinook walionekana wamepita pale lilipokuwa bwawa la chini, wakipanda mto kwenda kutaga.