Beste wa Kweli Hewani ni Yule Anakushow "Leo Haturuki"

Ukiishi Ngoingwa unajua sauti za juu. Chopa ikipita chini chini Jumamosi, hiyo ni mheshimiwa anakimbilia matanga. Ndege kubwa hupita juu sana, hata husumbuki kuangalia. Lakini kuna sauti ingine ndogo, kama nduthi imebeba watu watatu ikipanda mlima. Hiyo ndiyo iliniharibu mimi na beste yangu.

Tulikuwa tunapanda juu ya ploti, pale kwa matangi ya maji, na simu moja yenye bando. Tunafungua Flightradar24, tunaangalia ni nani huyo anapita na anatoka wapi. Yeye alikuwa anasoma Mang'u High, mimi nilikuwa dei skonga ya hapo karibu. Na kabla mtu wa tao aniambie "si Mang'u iko hapo kwenu", tulia. Barabara inayopita Ngoingwa inaitwa ya Mang'u, lakini ukiifuata inakupeleka Mang'u ya Gatundu, mahali shule ilikuwa zamani. Shule ilianza Kabaa 1925, ikaja hiyo Mang'u, halafu ikahamia upande wa barabara ya Garissa. Msee akishuka Ngoingwa na sanduku la shule akitafuta geti, huwa tunamhurumia tu.

Mang'u ni kati ya shule chache Kenya ambapo unaweza kufanya mambo ya ndege kama somo la KCSE. Wenzako wanakariri mole za kemia, wewe unakariri kwa nini bawa linainuka. Ndio maana hii side yetu hukosi kupata kijana ambaye ndoto yake si kuwa MC wala kuuza magari. Anataka kurusha ndege. Shida ni ganji, na tutafika hapo.

Story ninataka kukupea ni ya siku hatukuruka.

Jamaa yangu alikuwa amepata PPL, yaani lisensi ya rubani binafsi. Hiyo hukuruhusu kubeba watu, ila sio kwa malipo. Akaniambia Jumamosi tunaenda Wilson, wanne kwa Cessna 172, tunapitia juu ya Kajiado tunarudi. Nikakopa jaketi. Nikaweka status usiku wote. Asubuhi ngware nikapanda mathree ya 237 mpaka tao, nikabadilisha, nikashuka Wilson kwa Lang'ata Road nikiwa na njaa, kwa sababu niliambiwa nisikule sana nitatapika.

Ilikuwa Julai. Unajua Julai ya Nairobi: mawingu yamekaa chini kama blanketi ya bording. Tukangoja. Saa tatu, saa nne. Saa nne na nusu mawingu yakapasuka kidogo, jua likaonekana, nikasimama nikavaa jaketi. Jamaa yangu pia akasimama. Halafu dem mmoja wa mbogi yao, ambaye yuko na masaa mengi kuwaliko, akaangalia upande wa Ngong na kusema, bila hata kuinua sauti, "Leo hapana." Beste yangu akaketi. Hakubishana. Akafungua chupa ya maji akakunywa.

Mimi nilikasirika, si uongo. Nauli yangu? Status yangu? Nikamwambia yeye ndio ako na lisensi, huyo dem ni nani wa kumshow afanye nini. Akanijibu kwamba hiyo ndiyo kazi yake, na kesho itakuwa kazi yangu mimi beste yake nikijua kitu kidogo. Nilirudi Ngoingwa nimenuna mpaka Juja.

Nilikuja kuelewa baadaye. Marubani wa ndege ndogo wanaogopa ugonjwa mmoja kushinda injini kuzima: ile hali ya "lazima nifike". Umeahidi watu, umelipa ndege, umeshavaa. Akili inaanza kukutafutia sababu za kwenda. Wingu linakaa jembamba kuliko vile liko. Na hii Nairobi haicheki na wewe. Uwanja wa Wilson uko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, injini ndogo haina nguvu ile ingekuwa nayo Malindi, na Ngong inakungoja hapo kando. Ukiingia kwa wingu bila mafunzo ya kusoma vyombo, mwili unakudanganya uko sawa kumbe unainama.

Kuna maswali wanajiuliza kila asubuhi: uko mgonjwa? Umemeza dawa gani? Uko na stress? Ulikunywa? Ulilala? Umekula? Kwa Marekani sheria inasema masaa 8 kati ya pombe na kurusha ndege. Lakini hiyo ya stress nani atakupima? Hakuna kifaa. Ni mtu anayekujua, anayeona umekuja ukiwa kimya sana kwa sababu jana mliachana na mtu wako, akakwambia leo kaa kiti cha nyuma.

Na hii kitu si ya jana. Aero Club of East Africa ilianzishwa 1927 na iko hapo Wilson hadi leo. Uwanja wenyewe uliitwa hivyo kwa heshima ya Florence Kerr Wilson, mama aliyeanzisha kampuni ya Wilson Airways 1929. Rubani wake mkubwa alikuwa Tom Campbell Black, na huyo Tom ndiye alimfunza Beryl Markham kurusha. Mwaka wa 1931 rafiki yao Denys Finch Hatton, yule wa Karen Blixen, alikuwa anapeleka Gipsy Moth yake Voi kutafuta ndovu kutoka juu. Akamwalika Beryl. Beryl mwenyewe anasimulia kwa kitabu chake, West with the Night, kwamba Tom alimwomba asiende siku hiyo. Hakuwa na sababu ya maana ya kumpa. Beryl akakaa. Tarehe 14 Mei ndege ilianguka Voi ikitoka kupaa, Denys akafa pamoja na Kamau, mfanyakazi wake.

Tusidanganyane, hiyo ilikuwa raha ya wazungu. Mwafrika alifika karibu na ndege kama mfanyakazi. Ndio maana Denys ako na kaburi maarufu Ngong na majina yote matatu, na Kamau amebaki Kamau tu. Huwa ninafikiria huyo Kamau hakuwa na mtu wa kumwambia leo usiende, na hata angekuwa naye, angemwambiaje bosi?

Beryl akaendelea. Septemba 1936 alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kwenda magharibi, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo, akaangukia kwa kinamasi huko Nova Scotia, Kanada, akatoka mzima. Hata hiyo ndege haikuwa yake, aliazimwa na John Carberry, settla wa Nyeri. Wiki mbili baadaye mwalimu wake Tom aliuawa Liverpool akiwa bado chini kwa uwanja, ndege ingine ilipomgonga. Aliyekuwa juu ya bahari usiku mzima akapona, aliyekuwa chini akaenda. Sijui utajibu nini hapo.

Sasa ganji. Kiwango cha kimataifa cha PPL ni angalau masaa 40 ya kuruka. Ndani yake kuna masaa 10 ukiwa peke yako, na safari moja ya kilomita 270 ukitua viwanja viwili tofauti bila mwalimu. Ukitaka kulipwa kama rubani unahitaji CPL, na hapo kawaida ni masaa 200. Kila saa unalipia ndege, na hata ile ndogo kabisa ni zaidi ya elfu kumi kwa saa. Piga hesabu polepole ukiwa umekaa.

Kati ya 40 na 200 ndiyo kaburi la wengi. Huko mwalimu ameshakuacha, hakuna mtihani karibu, na mzazi ameshauza kile alikuwa nacho. Hapa ndiyo mbogi inazaliwa. Wawili wanakodi ndege moja: mmoja anarusha kwenda, mwingine anarusha kurudi. Watu husema hiyo ni kusave. Si kusave. Kila mtu bado amelipia saa yake. Tofauti ni kwamba umelipia saa moja na umeketi kwa ndege masaa mawili. Ukiwa hushiki usukani unashika ramani, unasikiza redio, unaona mwenzako akikosea na anakuona ukikosea. Tena mnaweza kwenda mbali, kwa sababu hakuna anayebeba bili ya kwenda na kurudi peke yake. Wengine wakishaomoka wananunua ndege kuukuu watu wanne au watano, wanagawana pakingi, bima na fundi, na hapo ndiyo utajua kama urafiki wenu ni wa kweli, kwa sababu kuna mtu ataiacha bila mafuta. Na kama ni mambo ya kuchangiana gharama na abiria, uliza KCAA kabla ya kufungua M-Pesa.

Pia ndege zenyewe zinalazimisha ukaribu. Cessna 152 ina viti viwili, na mkiwa watu wa kawaida mabega yanagusana. Kelele ni nyingi, kwa hivyo mnaongea kwa hedifoni, sauti ya mwenzako iko ndani ya sikio lako. Huwezi kujifanya hapo. Akipumua haraka unasikia.

Halafu kuna yule anayebaki chini. Ukitoa mpango wa safari, unasema utafika saa ngapi. Dakika 30 zikipita hujafika na hujasikika, watu wa anga wanaingia hatua ya kwanza ya kukutafuta, inayoitwa hatua ya wasiwasi. Hilo jina ni la rasmi kabisa. Lakini beste yako hangoji hizo dakika 30. Ameshaangalia saa mara sita. Ndio maana rubani akitua, kitu cha kwanza ni kumtext mtu neno moja, "Chini."

Machi 5, 2024, asubuhi, Cessna 172 ya mafunzo iligongana na ndege ya abiria juu ya Nairobi National Park, muda mfupi baada ya ile kubwa kutoka Wilson. Ndege ya abiria ilirudi ikatua salama. Mwanafunzi na mwalimu waliokuwa kwa Cessna walifariki. Mimi niliona habari kwa simu nikiwa stage ya Ngoingwa. Nikampigia jamaa yangu. Mteja hapatikani. Nikapiga mara kumi na moja, mathree mbili zikaniacha. Alikuwa kwa darasa la chini, amezima simu. Aliponipigia hakusema niaje. Alisema, "Chini." Nilitukana.

Mbogi yao ilipoteza watu walikuwa wanasalimiana nao kila wiki. Kuna wazazi walitaka watoto waache. Mama yake beste yangu hakusema aache, alimwambia tu amtumie hilo neno na yeye pia. Kwa hivyo siku hizi anatext watu wawili.

Kama uko mtaa na hii kitu inakuwasha, anza bila ganji. Programu za kurusha ndege kwa kompyuta ziko hata kwa laptop ya mtumba, na kuna mtandao wa bure unaitwa VATSIM ambapo binadamu wa ukweli wanakuongoza kwa redio. Ngoingwa tuko na vijana wanatua JKIA kila usiku wakiwa na nguo za kulala. Wakishakukubali, unajifunza lugha ya redio kabla hujalipa shilingi. Halafu ukipata chapaa kidogo, lipia cheti cha daktari kwanza, kabla ya karo. Nimeskia watu walilipa shule ndiyo wakajua macho hayatambui rangi vizuri. Umri wa PPL ni miaka 17. Na ukienda Wilson usiende na mdomo, kaa, salimia, uliza nani anaosha ndege leo. Kuna watu walianza na kitambaa.

Mwishowe niliruka, wiki tatu baada ya ile Jumamosi ya kununa. Dem wa "leo hapana" ndiye alikuwa kiti cha mbele kulia. Tulipita juu ya Kajiado, nikaona paa za mabati ziking'aa, na sikutapika, ingawa kuna mahali nilishika kiti kama mathree ya Thika Road usiku. Kutoka hapo nilianza kuangalia mawingu asubuhi kabla ya kuangalia simu. Mimi niliacha kolej mwaka wa pili, karo ilikatika, kwa hivyo sitakuambia niko karibu kuwa rubani. Lakini nimepewa kazi kwa hiyo mbogi: mimi ndiye wa kungoja neno.

Jamaa yangu amekwama masaa 71. Shamba limeshauzwa, hakuna lingine. Wale wengine wakiruka wanamweka kiti cha nyuma, anashika ramani, anajibu maswali ya mtihani wakiwa hewani, ili asisahau. Hizo saa haziandikwi kwa kitabu chake. Yeye huenda tu. Jumapili iliyopita alikuwa juu ya ploti kwa matangi, ndege ndogo ikapita kuelekea Mt. Kenya, na kabla nifungue simu akawa ameshasema ni Cessna gani na iko futi ngapi. Nikacheki. Alikosa futi mia mbili tu.