Opera iliyosubiriwa miaka 138: Kwa nini rekodi ya 'Fire Shut Up in My Bones' si albamu ya kawaida

Usiku wa Septemba 27, 2021, Metropolitan Opera ya New York, maarufu kama Met, ilirejesha opera jukwaani kwake baada ya kusimama takribani miezi 18 kwa sababu ya corona. Hadi wakati huo, usiku wa ufunguzi pale kwa kawaida ulikuwa wa majina makubwa ya zamani: Verdi, Puccini, Mozart. Safari hii jukwaa alipewa mpiga tarumbeta wa jazz kutoka New Orleans, Terence Blanchard.

Met ilianza kazi mwaka 1883. Tangu hapo haikuwahi kuonyesha opera hata moja iliyotungwa na mtu Mweusi. Piga hesabu: miaka 138.

Opera yenyewe inaitwa Fire Shut Up in My Bones. Msimu ule ilionyeshwa mara nane tu. Lakini maiki zilikuwa zinarekodi, na Februari 2023 rekodi hiyo ya moja kwa moja ilishinda Grammy kama rekodi bora ya opera.

Inahusu nini?

Ni kisa cha kweli. Kimetoka kwenye kitabu ambacho mwandishi wa habari Charles Blow aliandika kuhusu maisha yake. Jina lake limechotwa kwenye Biblia, Yeremia 20:9, pale nabii anaposema neno analojaribu kulizuia linamuunguza kwa ndani kama moto.

Charles anakulia Gibsland, mji mdogo kule Louisiana, akiwa mdogo kuliko kaka zake wote. Mama yake, Billie, anafanya kazi kwenye kiwanda cha kuchinja na kusafisha kuku, na baba hana msaada wa maana. Siku moja binamu anakuja kukaa nao. Binamu huyo anamnyanyasa mtoto kingono.

Mtoto hasemi. Anakua na siri hiyo, anabatizwa akidhani maji yataiosha, anaingia chuo, anapenda, anaumizwa. Halafu siku moja anapata habari kwamba yule binamu yuko nyumbani kwao. Anachukua bunduki, anaingia kwenye gari.

Opera inaanzia hapo hapo, barabarani, bunduki ikiwa pembeni. Mengine yote ni kumbukumbu zinazojaribu kujibu swali moja: atafyatua? Jibu ni bora msikilizaji alipate mwenyewe.

Cha kipekee ni kwamba Charles yupo jukwaani mara mbili. Will Liverman, mwenye sauti ya baritoni, anaimba kama kijana mkubwa, na Walter Russell III anaimba kama Charles mtoto. Kuna sehemu wawili hao wanaimba pamoja, mtu mzima akimtazama mtoto aliyekuwa yeye na asiweze kumuokoa. Hata asiyejua Kiingereza vizuri ataelewa kinachoendelea.

Angel Blue anaimba nafasi tatu, na mbili kati yake si watu: ni Hatima na Upweke. Mama anaimbwa na Latonia Moore. Maneno yaliandikwa na Kasi Lemmons, ambaye wengi wanamfahamu zaidi kama mwongozaji wa filamu.

Kwa nini inaitwa opera kubwa?

Neno hilo lina historia. Paris ya miaka ya 1830 ndiko ilikozaliwa staili ya opera zenye orkestra nene, kwaya kubwa, dansi na mandhari ya gharama. Kazi ya Blanchard haikuanza hivyo. Mara ya kwanza ilionyeshwa Juni 2019 mjini St. Louis, kwenye ukumbi wenye viti visivyofika 1,000. Ilipohamia Met, ukumbi wa watu wapatao 3,800, ilibidi ipanuliwe.

Ndipo akaingia Camille A. Brown, aliyetunga dansi na kuongoza onyesho akishirikiana na James Robinson. Yeye naye ni mwanamke wa kwanza Mweusi kuongoza opera kwenye jukwaa kuu la Met. Mwanzoni mwa tendo la tatu alileta wanafunzi wa chuo wakicheza step, ule mchezo wa vyama vya wanafunzi Weusi Marekani ambao miguu na mikono ndiyo ngoma. Orkestra inanyamaza. Unabaki na visigino na viganja tu. Ukumbi ulilipuka kwa makofi hadi onyesho likasimama kwa muda.

Halafu kuna muziki wenyewe. Blanchard ndiye aliyetunga muziki wa filamu nyingi za Spike Lee, na mara mbili ametajwa kuwania Oscar. Baba yake alikuwa anaimba opera nje ya saa za kazi, kwa hiyo nyumbani sauti hizo hazikuwa ngeni. Ndani ya orkestra kubwa aliweka kundi dogo la jazz: piano, gitaa, besi na drams. Anayeongoza wote hao, yaani kondakta (siyo yule wa daladala), ni Yannick Nézet-Séguin.

Sasa, rekodi ya moja kwa moja maana yake nini?

Waimbaji wa opera hawatumii spika. Mtu anasimama mbele ya orkestra nzima na sauti yake inatakiwa imfikie aliyekaa kiti cha mwisho kabisa juu, kwa nguvu ya pumzi tu. Maiki zinazowekwa zipo kwa ajili ya kurekodi na kurusha matangazo. Haziongezi sauti ukumbini.

Studio ni hadithi nyingine. Unaweza kurudia mstari mara 20. Ila kukodi orkestra, kwaya na waimbaji wakubwa kwa siku kadhaa ni mzigo mzito wa hela, ndiyo maana rekodi nyingi za opera siku hizi zinatoka jukwaani. Unapata na yaliyomo humo: hatua za viatu, mbao zikilia, watu wakicheka, kikohozi cha hapa na pale. Kwa opera hii hilo ni faida. Step bila makofi ya ukumbi ingekuwa kama mechi bila mashabiki.

Met ina uzoefu wa muda mrefu na mambo haya. Ilianza kurusha maonyesho redioni Krismasi ya mwaka 1931, na Desemba 2006 ikaanza kurusha kwenye kumbi za sinema. Fire ilirushwa sinema Oktoba 23, 2021. Usiku wa kwanza ilionyeshwa bure kwenye skrini Times Square na kwenye bustani ya Marcus Garvey kule Harlem.

Kwa nini kuhifadhi ni jambo kubwa hivyo? Muulize Scott Joplin, mfalme wa ragtime. Mwaka 1911 alichapisha opera yake, Treemonisha. Alifariki mwaka 1917 bila kuiona ikionyeshwa kikamilifu, na karatasi za sehemu za orkestra zikapotea. Ilipofufuliwa Atlanta mwaka 1972, ilibidi orkestra iandikwe upya. Mwaka 1976 Joplin akapewa tuzo ya Pulitzer, miaka 59 baada ya kifo chake. Jinsi alivyotaka orkestra yake isikike, hakuna anayeweza kusema.

William Grant Still naye aliipelekea Met kazi zake na zikakataliwa. Opera yake ya Troubled Island ilipokelewa na New York City Opera mwaka 1949, sio Met.

Blanchard yeye alirudishwa. Aprili 2023 Met ilionyesha opera yake nyingine, Champion, kuhusu bondia Emile Griffith, na rekodi yake ikabeba Grammy ile ile mwaka 2024. Fire yenyewe ikarudi jukwaani Aprili mwaka huo.

Kwa anayetaka kuisikiliza kwa simu: vaa hedifoni, spika ya simu itakula besi yote. Na kama bando halitoshi kwa tendo zima, anza na tendo la tatu, kwenye visigino.