Kitalu cha Kipupwe na Kinga ya Moto: Kazi za Msimu Mmoja

Wakazi wengi wa Mufindi husia mbegu za misindano wakati wa kipupwe ili miche iwe tayari kupandwa mvua zinapoanza, kati ya Novemba na Desemba. Katika miezi hiyohiyo nyasi hukauka na hatari ya moto huongezeka. Kwa hiyo, kaya inayoandaa kitalu inapaswa kuandaa pia kinga ya nyumba yake.

Kutunza miche wakati wa baridi

Mbegu husiwa kwenye tuta la udongo laini, na miche michanga huhamishiwa kwenye viriba. Udongo wa viriba uchanganywe na ule uliochotwa chini ya misindano iliyokomaa. Udongo huo una kuvu wanaoisaidia mizizi kunyonya maji na virutubisho. Wakikosekana, miche hudumaa na kugeuka manjano.

Hewa baridi hutuama mabondeni, hivyo sakitu huunguza zaidi miche iliyo huko. Ni vyema kitalu kiwe juu kidogo ya bonde, mahali ambapo maji bado yanafikika. Umwagiliaji ufanyike asubuhi, kwani unyevu wa usiku kucha huchochea kinyausi.

Kulinda nyumba

Kichanja cha nyasi hukinga miche dhidi ya sakitu na jua, lakini cheche moja yatosha kukiteketeza. Kisijengwe karibu na jiko wala kugusa paa la nyumba.

Moto hupanda mlima kwa kasi kuliko unavyoshuka, kwa kuwa miali yake hukausha nyasi zilizo juu yake. Nyumba iliyo mlimani inahitaji eneo pana zaidi lililosafishwa upande wa chini. Nyasi zikwanguliwe mpaka udongo uonekane, na kuni na mabua yaondolewe ukutani. Matawi ya chini ya misindano yapogolewe ili moto usipate njia ya kupanda kileleni. Pipa la maji ya kitalu lijazwe kila jioni, kwani huweza kuzima cheche zinazopeperushwa na upepo.

Kabla ya kuwasha moto shambani

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imeweka masharti kuhusu uchomaji wa mimea. Anayekusudia kusafisha shamba kwa moto afike kwanza ofisi ya kijiji kupata maelekezo, na awaarifu majirani. Asichome wakati wa upepo, wala asiondoke kabla majivu hayajapoa.

Moto ukikaribia

Watoto, wazee na wagonjwa waondolewe kwanza, kuelekea eneo lililolimwa au lisilo na nyasi, si kupanda mlima. Mifugo ifunguliwe. Taarifa itolewe kwa uongozi wa kijiji na kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kupitia namba 114. Mtu yeyote asirudi kuokoa miche: mbegu zitasiwa tena msimu ujao.

Kwa ushauri zaidi kuhusu vitalu na kinga ya moto, wananchi wafike ofisi ya kata.